Cheo cha Meneja, simu ya Mzee: uchambuzi wa kisa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetokea Dar es Salaam, kwenye kampuni binafsi ya uwakala wa forodha. Wahusika wamekubali kisimuliwe kwa sharti la kutotambulika, kwa hiyo majina hayamo, mwaka hautajwi, na aina ya shehena iliyowasha ugomvi imebadilishwa. Nitawaita kwa nafasi zao: Mkurugenzi, Meneja, Mzee na Mhasibu. Mimi niliitwa kama mshauri wa nje wakati ofisi imeshagawanyika. Yaliyotangulia nimeyakusanya kwa kuzungumza na watu mmoja mmoja na kwa kusoma barua na jumbe walizokubali kunionyesha.

Nilipofika nilikabidhiwa hadithi mbili zilizokamilika. Upande mmoja ulisema tatizo ni mzee mkorofi aliyeikalia ofisi kama urithi wa baba yake. Upande wa pili ulisema tatizo ni dada mwenye vyeti vingi asiyejua kuishi na watu. Hadithi zote mbili zinawatia hatiani watu waliokuwa wakifanya jambo lenye mantiki kabisa, kila mmoja kwa mahali alipokaa. Nimeandika kisa hiki kwa sababu hadithi hizo hizo nazisikia Posta, Kariakoo, Mikocheni, kila mahali ambapo biashara ya familia inaajiri meneja wake wa kwanza kutoka nje, na watu wazuri wanapoteza kazi kwa sababu yake.

## Mazingira

Kampuni ilianzishwa miaka ya 1990 na Mkurugenzi akiwa na wasaidizi wawili. Mmoja wao ndiye Mzee. Wakati wa kisa ilikuwa na wafanyakazi wasiofika hamsini, ofisi ikiwa Kurasini, jirani na bandari. Wateja walikuwa wa aina mbili: waagizaji wa hapa nchini, na wa transiti ambao mizigo yao inapita Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma.

Asiyeijua kazi hii anahitaji kufahamu jambo moja ili aelewe yaliyofuata. Kontena likishashushwa melini, muda unaanza kuhesabiwa. Kampuni ya meli inatoa siku kadhaa za bure. Zikipita, demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, inaanza kuhesabiwa kwa kila siku. Bandari, au bandari kavu (yadi ya makontena nje ya bandari), nayo inatoza storeji, yaani ada ya kuhifadhi, kwa mzigo uliokaa. Ndani ya siku hizo za bure kuna tamko la forodha kwa TRA, malipo ya kodi, ukaguzi, vibali vya taasisi nyingine kama TBS, Shirika la Viwango, kutegemea bidhaa, hati ya kampuni ya meli ya kuruhusu mzigo utoke, na lori la kuubeba. Hatua yoyote kati ya hizo inaweza kukwama kwa sababu ambayo mtu aliyekaa ofisini haioni. Anaambiwa tu kwamba mfumo uko chini, kwamba afisa hayupo, kwamba hati ina kosa la herufi. Inaweza kuwa kweli, na inaweza isiwe.

Kwenye karatasi Mzee alikuwa msimamizi wa dawati la nyaraka, ngazi moja chini ya Meneja. Matamko mengi yalikuwa yakiingizwa kwenye mfumo wa forodha kwa akaunti yake. Namba za watu wa kampuni za meli, wa bandari kavu na mawakala wa mpakani zilikuwa kwenye simu yake binafsi. Ofisi haikuwa na daftari lake. Masurufu ya kila siku ya bandarini, yaani fedha za matumizi ya kazi, yalipita mikononi mwake, na kwa miaka hakuna aliyemdai marejesho, yaani hesabu ya alivyozitumia.

Kisha kuna mfuko. Wafanyakazi walikuwa na mfuko wa kufa na kuzikana, na Mzee ndiye mweka hazina tangu ulipoanzishwa. Mfuko huo ulikuwa unakopesha pia: ada za shule Januari, kodi ya nyumba mwenye nyumba anapotaka ya miezi sita kwa mpigo, mahari, bili ya hospitali. Aliyepatwa na shida saa nne usiku hakumpigia Mkurugenzi, alimpigia Mzee. Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kufika na aliondoka matanga yakishaanuliwa. Nalikazia hili kwa sababu vitabu vya uongozi tunavyosoma havina nafasi yake. Katika ofisi nyingi za jiji hili, anayeshika fedha ya msiba anashika kitu ambacho mshahara haununui. Wala Mzee hakukifanya kwa hila. Aliwapenda watu wale, nao walijua.

Meneja alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye shahada ya ugavi na uzoefu wa kampuni kubwa ya usafirishaji yenye taratibu zilizoandikwa hadi namna ya kuomba karatasi. Barua yake ya ajira ilisema anasimamia uendeshaji wote, ikiwemo dawati la nyaraka na masurufu. Mkurugenzi alikuwa amechoka, anataka kupunguza kazi, na demareji ilikuwa inamla faida. Alimwambia Meneja atengeneze ofisi isiyotegemea mtu mmoja. Mtu huyo mmoja hakumtaja, na kwa Mzee mwenyewe hakulisema.

## Yaliyotokea

Utambulisho ulifanyika kwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kampuni, jioni ya siku ya kazi. Mzee alijua kwamba ana bosi mpya sawa na alivyojua mlinzi wa getini, kwa dakika ile ile. Hakusema kitu.

Meneja alianza na daftari la pamoja la kompyuta ambalo kila faili lingeandikwa limefika hatua gani. Kwenye kikao wote walikubali. Wiki mbili baadaye daftari lilikuwa na mistari michache, mingi ikiwa imeandikwa na kijana mmoja wa dawati la mizigo ya ndani. Aliwauliza wengine sababu, wakajibu kwa heshima kwamba kazi zimewabana. Hakuna aliyebishana naye hata mara moja. Kutoka alikotoka, mtu asiyekubali jambo anapinga kikaoni, hivyo alichukua ukimya kuwa uzembe.

Akapanda ngazi. Alitangaza kwamba hakuna masurufu yatakayotoka bila saini yake, na kwamba ya nyuma yafanyiwe marejesho kwa risiti za EFD, zile za mashine za kodi. Kisheria na kihasibu hakukosea. Lakini bandarini kuna matumizi madogo yasiyo na risiti: nauli ya bodaboda ya kukimbiza hati, chai ya mchana ya vijana, mzigo wa kubeba kwa mikono pale mashine inapochelewa. Mzee alijibu kikaoni, "Sawa bosi," kisha akaacha kutoa fedha yake mfukoni kufidia pengo, jambo ambalo kumbe alikuwa akilifanya kila siku. Hatua zilizokuwa zikichukua asubuhi moja zikaanza kuchukua siku mbili. Hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna agizo lililokataliwa.

Jambo lingine dogo lilikuwa linafanya kazi yake pembeni. Katika kampuni aliyotoka Meneja, watu wote waliitana majina ya kwanza. Alimwita Mzee kwa jina lake la kwanza, mbele ya vijana ambao wenyewe humwita kwa jina la mwanawe mkubwa. Nilipomuuliza baadaye alishangaa kweli. Alidhani anaonyesha kwamba wote ni sawa.

Kisha ikaja shehena ya mteja wa Kongo, makontena kadhaa ya vipuri. Siku za bure zikaisha, na faili lilikuwa halijasogea. Meneja alifuata kila hatua kwa simu na kila alikopiga aliambiwa suala liko mahali pengine. Mteja alikuwa na namba ya Mkurugenzi, akampigia usiku. Mkurugenzi akampigia Mzee: "Mzee wangu, hebu nisaidie hili." Siku mbili baadaye makontena yalikuwa barabarani.

Asubuhi iliyofuata kila mtu ofisini alikuwa na jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa sauti.

Meneja alimwandikia Mzee barua ya kujieleza. Mkurugenzi alimpigia akamwambia aiache, atazungumza naye mwenyewe. Barua ilirudishwa bila majibu, na kabla ya saa ya chakula habari zilikuwa zimefika hadi kwa madereva. Hapo ndipo Meneja alipofanya jambo ambalo lilimgharimu kuliko mengine yote. Alifungua kundi jipya la WhatsApp la "timu ya uendeshaji", akawaweka vijana waliomuunga mkono na kumwacha Mzee na watu wake nje. Vijana wanne waliingia kwa furaha. Yule aliyekuwa akijaza daftari tangu mwanzo akawa msemaji wao, akaanza kusema waziwazi kwamba wazee wamewafunga miguu. Upande wa pili ukajibu kwa uvumi: Meneja anataka kuleta watu wake kutoka kampuni ya zamani. Marejesho ya mikopo ya mfuko kwa vijana wale wanne yakaanza kudaiwa kwa tarehe kamili, jambo lisilowahi kutokea. Mhasibu, mama mtulivu aliyefanya kazi pale miaka mingi, ndiye aliyemwambia Mkurugenzi kwamba wakiendelea hivi watapoteza wateja kabla hawajapoteza wafanyakazi.

## Nilichokuta

Nilimuuliza kila mfanyakazi, faraghani, maswali machache. La kwanza lilikuwa: mzigo ukikwama, unampigia nani kwanza? La pili: ukikwama wewe mwenyewe, unampigia nani? Karibu wote walitaja mtu yule yule mara mbili. Hata vijana wa kundi jipya. Mmoja wao alisema kwa aibu kwamba alikopa kwa Mzee ada ya mdogo wake wiki ile ile aliyojiunga na kundi la Meneja.

Mazungumzo mawili ndiyo yaliyobadilisha namna nilivyokielewa kisa.

Kwa Mkurugenzi niliuliza kwa nini alimwajiri Meneja kisha akaendelea kumpigia Mzee. Nilitegemea atajitetea kwa mteja wa Kongo. Alisema: "Nisipoongea na Mzee, nitajuaje kinachoendelea ofisini kwangu?" Meneja alikuwa akimpelekea taarifa ndefu mwisho wa mwezi, yenye majedwali. Mkurugenzi alizoea kujua kabla hajanywa chai ya asubuhi ni makontena gani yametoka. Tangu Meneja aje alihisi kwamba ameanza kufichwa mambo ya kampuni yake, akaegemea mlango aliouzoea. Alikuwa anajilinda.

Kwa Mzee mazungumzo yalichukua muda kuiva. Tulikutana nje ya ofisi, kwa supu ya asubuhi, na kwa nusu saa tulizungumza habari za bandari ya zamani. Kisha akasema jambo ambalo hakuna ofisini aliyekuwa akilijua isipokuwa Mhasibu. Miaka ya mwanzo ya kampuni, michango yake ya hifadhi ya jamii haikuwa ikipelekwa. Kampuni ilianza kuchangia NSSF kwa utaratibu baadaye sana. Alikuwa ameshapita miaka 55 ya kustaafu kwa hiari na anaikaribia 60 ya lazima, na alishapiga hesabu ya atakachopata. "Hawa vijana wakishajua kila kitu," aliniambia, "mimi nitabaki na nini?"

Maarifa yale yalikuwa ndiyo pensheni yake. Meneja, bila kujua, alikuwa akimtaka aikabidhi bure, kwenye daftari la pamoja, ifikapo Ijumaa.

## Njia zilizokuwa mezani, na sababu za uamuzi

Meneja alitaka Mzee aachishwe kazi, au yeye aondoke. Nilimweleza kwa nini njia ya kwanza isingefika popote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kanuni za 2007 zinaeleza utaratibu huo: uchunguzi, mashtaka kwa maandishi, kikao ambacho mfanyakazi anajitetea. Mfanyakazi anayeona ameonewa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kampuni ilikuwa na nini mkononi? Masurufu yasiyo na marejesho ambayo haikuyadai kwa miaka, na barua moja ya kujieleza ambayo Mkurugenzi mwenyewe aliirudisha. Na hata kama ingeshinda, Mzee angetembea hatua chache hadi kwa mshindani, na simu yake ingekwenda naye.

Mkurugenzi alipendelea kuacha mambo yapoe. Nilimpinga kwa nguvu. Meneja angeondoka, atakayefuata angekutana na yale yale, na siku Mzee atakapougua kampuni ingesimama.

Njia tuliyoichukua ilianza na deni. Kampuni ilikiri kwa maandishi, mbele ya Mzee na mwanawe mkubwa ambaye alimwomba awepo, kwamba inamlipa kiinua mgongo kwa miaka ambayo michango haikupelekwa. Kingelipwa kwa awamu, na kila awamu iliambatana na makabidhiano: namba na majina ya watu wa kampuni za meli, mizigo ya ndani, bandari kavu, na mwisho transiti. Meneja hakuipenda. Aliona ni kumzawadia mtu kwa kuficha kazi ya ofisi. Nilimjibu kwamba deni ni deni hata anayedai akiwa anakukera, na bado naamini hivyo. Kulichanganya na makabidhiano ndiko kulikonipa shaka, kwa sababu haki ya mtu inafanywa kuwa ujira. Lakini Mzee mwenyewe alitaka iwe hivyo. Alisema malipo ya huruma hayataki.

Cheo chake kilibadilishwa kuwa mshauri mwandamizi wa forodha, akapewa vijana wawili wa kuwafundisha. Wawili hao aliwachagua yeye, Meneja akiwa na haki ya kukataa mmoja. Mkurugenzi alitangaza hilo kwenye kikao cha wafanyakazi wote, ana kwa ana, akieleza nani anaamua nini. Kikao kilikuwa kizito. Mfanyakazi mmoja mkongwe wa dawati la malori aliuliza kama hii ndiyo namna mpya ya kumfukuza mtu, na Mkurugenzi akatazama chini. Mzee ndiye aliyejibu: "Nimekubali mwenyewe." Baada ya hapo watu walianza kupumua.

Masurufu yaligawanywa. Matumizi madogo ya siku yaliwekewa kikomo na kutolewa bila saini ya Meneja, kwa orodha rahisi iliyosainiwa na aliyetumia. Juu ya kikomo, risiti na saini vilibaki vile vile alivyotaka.

Na kila siku saa tano asubuhi Meneja angempigia Mkurugenzi, dakika chache tu: makontena yaliyotoka, yaliyokwama, na yapi yanakaribia mwisho wa siku za bure. Mkurugenzi naye aliahidi kwamba mteja akimpigia, atamrudisha kwa Meneja kabla ya kufanya lolote. Kundi la pili la WhatsApp lilifungwa.

## Matokeo

Ile simu ya saa tano ilileta mabadiliko makubwa zaidi na ya haraka zaidi, kuliko nilivyotegemea. Ndani ya wiki chache Mkurugenzi alikuwa anajua mambo mapema kuliko Mzee, na hamu ya kupita mlango wa nyuma ikapungua yenyewe. Haikwisha. Wiki ya tatu mteja wa zamani alimpigia na Mkurugenzi akamgeukia Mzee kwa mazoea. Mzee akamwambia, "Bosi, hilo mpigie Meneja." Nilisikia habari hiyo kwa Mhasibu, na hapo ndipo nilipoamini kwamba makubaliano yana miguu.

Mizigo ya ndani ilikuja kujisimamia. Daftari la pamoja likaanza kujazwa, kwanza na wale vijana wawili, kisha na wengine walipoona Mzee mwenyewe anauliza, "Umeliandika?" Demareji ya mizigo ya ndani ilishuka hadi Mkurugenzi akaacha kuilalamikia, ambayo kwa watu wa ofisi ile ni kipimo tosha.

Mengine hayakwenda vizuri. Mmoja wa vijana waliofundishwa alichukuliwa na kampuni nyingine kabla ya mwaka kuisha, akaondoka na sehemu ya yale Mzee aliyompa. Meneja alijiunga na mfuko wa kufa na kuzikana na akaanza kwenda misibani. Watu walimpokea kwa adabu, lakini wengi walijua kwamba ameshauriwa, na uzito wa jambo lile ulipungua kwa sababu hiyo. Na yule kijana wa daftari, aliyekuwa wa kwanza kumuunga mkono na wa kwanza kusema kwa sauti, aliacha kazi. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa ameyasema hadharani maneno ambayo viongozi wake waliyasema faraghani, na walipopatana hakukuwa na meza iliyobaki kwa ajili yake. Hili linaniuma hadi leo. Alikuwa mfanyakazi mzuri kuliko wengi waliobaki.

## Uchambuzi

Mwanasosiolojia wa Ufaransa Michel Crozier, katika utafiti aliouchapisha miaka ya 1960, alichunguza viwanda vya tumbaku vya serikali ya nchi hiyo. Kila kitu pale kilikuwa kimepangwa kwa kanuni: mishahara, zamu, nani anapandishwa lini. Jambo moja tu halikutabirika, nalo ni mashine kuharibika. Na walioweza kuzitengeneza walikuwa mafundi wa matengenezo peke yao. Mafundi hao hawakuwa na cheo juu ya wengine, lakini waendesha mashine waliwategemea na wakuu wa karakana hawakuweza kuwaamuru. Maelekezo ya matengenezo yalitoweka viwandani. Ujuzi ukabaki vichwani na kupokezwa kwa mdomo.

Mtu wa Kurasini anajiona mle. Katika uwakala wa forodha, kodi inajulikana na taratibu zimeandikwa. Kisichojulikana ni kwa nini faili hili limekwama leo, na nani wa kumpigia. Anayelijua hilo ndiye mwenye ofisi, barua ya ajira iseme itakavyo. Mwaka 1971 mtafiti David Hickson na wenzake walilipanga wazo hili kwa namna ninayoitumia mara kwa mara kazini: nguvu ya idara inategemea inamudu mambo yasiyotabirika kiasi gani, ni rahisi kiasi gani kumpata mwingine wa kufanya kazi yake, na kazi za wengine zinapitia kwake kwa kiasi gani. Mzee alikuwa na vyote vitatu. Meneja alikuwa na saini.

Kwa hiyo kosa la Meneja, kwa maoni yangu, lilikuwa la mpangilio. Alianza na fedha. Alimnyang'anya Mzee kitu cha hadharani, chenye heshima ndani yake, wakati yeye mwenyewe hawezi kutoa kontena moja bila huyo huyo Mzee. Angetumia miezi ile ya kwanza kushinda bandari kavu pamoja na vijana, kujuana na watu wa kampuni za meli kwa uso, na kuomba akaunti za mfumo wa forodha kwa watu zaidi ya mmoja, agizo la masurufu lingemkuta akiwa na pa kusimama. Alivyofanya, alimpa Mzee sababu na nafasi ya kuonyesha nani anahitajika, na mteja wa Kongo ndiye aliyelipa gharama ya onyesho hilo.

Watu huniuliza kama Mzee aliihujumu kampuni. Kwenye shehena ile nadhani aliiacha ikwame, ndiyo. Hakuweka kizuizi, aliacha kuondoa vizuizi ambavyo kwa miaka aliviondoa kwa juhudi na fedha zake bila kuombwa. Kanuni ya nidhamu haina kifungu kwa mtu aliyeacha kufanya zaidi ya kazi yake. Ndiyo maana barua ya kujieleza ilikuwa silaha butu hata kabla haijarudishwa.

Sehemu kubwa ya lawama naiweka kwa Mkurugenzi, na nilimwambia hivyo. Alikuwa na mambo matatu magumu ya kufanya: kumlipa Mzee deni lake, kumwambia uso kwa uso kwamba ofisi inabadilika, na kuvumilia kutokujua kila kitu mwenyewe. Alimwajiri Meneja ili amfanyie yote matatu bila kumwambia kwamba ndiyo kazi aliyopewa. Kisha kila alipoogopa, alipiga simu ile ile. Meneja wa nje anayeitwa kwenye kampuni ya familia ana haki ya kuuliza kwenye usaili: ofisi hii imemtegemea nani hadi sasa, na mmeshazungumza naye?

Kundi la siri la WhatsApp lilikuwa na mvuto unaoeleweka. Mtu anayenyimwa ushirikiano hutafuta watu wa kumtia moyo. Lakini lilifanya ugomvi wa watu wawili uwe wa rika mbili, na likawaweka mbele vijana wenye mikopo kwenye mfuko wa mtu wanayempinga. Kiongozi anayeingia vitani na jeshi la watu wasio na ulinzi anapaswa kujua nani ataumia wakati wa kupatana.

Kuhusu mfuko, kuna waliopendekeza Meneja auchukue au auweke chini ya idara ya rasilimali watu. Nilikataa na Mhasibu alinisaidia kukataa. Ni fedha za wafanyakazi. Kilichobadilika ni kwamba wanachama walichagua kamati ya watu watatu, Mzee akiwemo, na masharti ya mikopo yakaandikwa ubaoni, ili deni la mtu lisitumike tena kumkumbusha asimame upande gani.

## Yaliyobaki wazi

Transiti bado. Mizigo ya Zambia na Kongo inaendeshwa kwa uhusiano na mawakala wa Tunduma na wa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na uhusiano huo umejengwa kwa miaka ya kulipana kwa neno tu. Meneja amesafiri kwenda Tunduma na Mzee mara moja. Wale mawakala walimsalimia vizuri, na waliporudi waliendelea kumpigia Mzee. Awamu ya mwisho ya kiinua mgongo imefungwa kwenye makabidhiano hayo. Mkurugenzi anataka kuilipa hata kama hayajakamilika, Meneja anataka isubiri, na Mzee mwenyewe, aliyebakiza miezi michache kufika 60, anasema hana haraka.